Habari za Siku ya Kupumzika

Mwaka jana katika mkutano wa jioni hapa kijijini petu nilisimama kuwaeleza watu habari za kazi na pumziko. Nikasema ya kuwa kazi ni heshima ya mtu, na ya kuwa aliyefanya kazi siku sita yampasa kupumzika siku moja, apate nguvu mpya. Watu wakaitikia kwa furaha. Nilipokwisha, bibi mmoja mzee, aliyeketi mkekani kati ya wanawake wenzake, akaniuliza, "Mwanangu mwalimu, maneno yako ni mema. Lakini siku hiyo ya kupumzika, maji atateka nani?" Watu wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, walakini usiku ule sikupata usingizi upesi, maana nilitambua kwamba bibi ameniuliza neno ambalo sikuwa na jibu lake.

Kwa ajili ya swali lile nikaanza kutafuta katika vitabu habari za mataifa mbalimbali, ya kale na ya siku hizi, nipate kujua jinsi walivyogawanya siku za kazi na siku za pumziko. Niliyoyaona nataka kuwasimulia leo. Nawaomba mnifuate polepole, kwa kuwa safari ni ndefu: tutaanza nyumbani, twende mbali, kisha turudi nyumbani.

Wako wasemao kwamba babu zetu hawakuwa na taratibu ya kazi wala ya pumziko, bali kila mtu alilima alipopenda na kulala alipopenda. Maneno hayo si kweli. Wamijikenda, wakaao nyuma ya pwani ya Mombasa na Malindi, tangu zamani walikuwa na juma la siku nne. Siku tatu watu walilima, na siku ya nne, iitwayo jumwa, jembe liliwekwa chini. Waigbo wa Nijeria nao wana juma la siku nne, na kila siku ina jina lake na masoko yake: Eke, Orie, Afo na Nkwo. Tena siku ya soko si siku ya kuuza na kununua tu. Ndiyo siku ya kuonana na jamaa, kusikia habari, kuposa na kupatana. Huko Buganda mwezi ulipoandama watu waliacha kazi zao, wakauadhimisha mwezi mpya. Na katika nchi zetu nyingi za wakulima watu walijua ya kuwa majira ya mvua ni ya jembe, na majira baada ya mavuno ni ya ngoma, arusi, hadithi na safari za kuwatazama ndugu. Hata methali yetu yasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Watu wengi huikumbuka methali hii kwa ajili ya lile jembe, lakini tazameni, pumziko limetangulia, tena limepewa siku mbili.

Majina ya siku katika Kiswahili nayo yana historia ndani yake. Jumamosi maana yake ni siku ya kwanza ya juma, Jumapili ni ya pili, na hivyo hata Jumatano, siku ya tano. Hesabu hii yaanza baada ya Ijumaa, kwa kuwa watu wa pwani, waliokuwa Waislamu, waliifanya Ijumaa kuwa siku yao kuu, siku ya kukusanyika. Kisha Alhamisi ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake pia ni siku ya tano, maana Waarabu huhesabu kuanzia Jumapili. Ndiyo sababu katika juma letu zimo siku mbili za tano, nazo zafuatana. Na Ijumaa yenyewe, kwa mafundisho ya Uislamu, haikuwekwa kuwa siku ya kuacha kazi tangu asubuhi hata jioni. Mwadhini aitapo, watu huacha biashara wakaenda kusali. Na sala ikiisha wana ruhusa kutawanyika na kutafuta riziki zao. Basi kila taifa lina kipimo chake.

Lakini pwani iyo hiyo yatuonyesha jambo jingine, nalo ni la huzuni. Katika karne ya 19 mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa. Kwa kawaida mtumwa wa shamba alimfanyia bwana wake kazi siku tano, na siku ya Alhamisi na ya Ijumaa aliachiwa. Mtu akisikia hayo huenda akasema, "Siku mbili katika saba! Je, hilo si pumziko kubwa?" Walakini siku hizo mbili mtumwa alilima konde lake mwenyewe apate chakula chake, na kwa njia hiyo bwana aliokoa gharama ya kumlisha. Hilo halikuwa pumziko. Ilikuwa kazi ya pili. Hali ya utumwa ilifutwa na sheria katika Unguja na Pemba mwaka 1897. Lakini nawaomba mlishike neno hili, maana tutalirudia: siku ya kuachiwa si lazima iwe siku ya kupumzika.

Sasa twende Misri ya kale. Sote twajua habari za Waisraeli waliofanyizwa matofali. Musa alipoomba ruhusa waende jangwani kumwabudu Mungu wao, Farao hakujibu kwamba kazi ni nyingi. Alijibu kwamba ni wavivu. Kisha akaamuru wasipewe tena majani ya kuchanganya na udongo, bali wayatafute wenyewe, na hesabu ya matofali isipunguzwe. Hii ni desturi ya zamani sana ya wenye nguvu: mtu aliyechoka akiomba kupumzika, huitwa mvivu.

Watu wale walipotoka utumwani walipewa amri ya siku ya saba. Mimi nimeifundisha amri hiyo miaka mingi, na nakiri kwamba sikuitazama vema. Amri haimwambii mwenye nyumba apumzike peke yake. Yamtaja mwanawe na binti yake, mtumwa wake na mjakazi wake, ng'ombe wake na punda wake, na mgeni aliyemo katika malango yake. Na katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati sababu yatolewa wazi: mtumishi apumzike kama bwana wake, na bwana akumbuke kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Twaona basi kwamba amri hii iliwekwa na kumbukumbu za watu waliokosa pumziko, nayo ilianza kuwafikia wale wa chini ambao mara nyingi husahauliwa.

Warumi hawakuwaelewa. Wao walikuwa na siku ya soko iliyorudi kila siku ya nane, na sikukuu nyingi za miungu yao. Lakini kwamba kila mtu, hata mtumwa, aache kazi siku moja katika kila saba, waliliona kuwa ni upuuzi. Mwenye hekima wao mmoja, jina lake Seneca, aliwalaumu Wayahudi kwamba wapoteza sehemu ya saba ya maisha yao. Mwandishi Tacitus naye alisema ni mapenzi ya uvivu. Walakini mwaka 321 Kaisari Konstantino alitoa amri kwamba siku ya Jua, ndiyo Jumapili yetu, waamuzi na watu wa mijini na mafundi wapumzike. Wakulima waliruhusiwa kulima siku hiyo, kusudi wasikose majira mema ya mbegu. Ndivyo desturi iliyochekwa na Warumi ilivyoingia katika sheria za Warumi.

Sasa nitaruka miaka mingi, niwapeleke Uingereza wakati viwanda vilipoanza. Zamani mfumaji wa nguo alifanya kazi nyumbani mwake. Juma zima alikuwa bwana wa saa zake, na mafundi wengi walikuwa na mazoea ya kutofanya kazi siku ya Jumatatu. Wakaiita kwa mzaha Jumatatu Takatifu. Kisha ikaja mitambo iliyozungushwa kwa maji, na baadaye kwa mvuke. Mtambo hauchoki wala hausinzii, na mwenye kiwanda aliyetoa fedha nyingi kuununua hakupenda kuuona umesimama. Basi kengele ikawa bwana wa watu. Wanaume, wanawake na watoto wadogo walifanya kazi saa 12, 13, hata 14 kwa siku, katika vyumba vyenye joto na vumbi la pamba.

Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilitunga sheria kwa viwanda vya nguo. Mtoto asiyetimiza miaka 9 asiajiriwe, isipokuwa katika viwanda vya hariri. Na wale wa miaka 9 mpaka 13 wasifanye kazi zaidi ya saa 48 kwa juma. Wakawekwa wakaguzi wanne kwa nchi nzima. Wenye viwanda wengi walinung'unika. Mwaka 1837 mtaalamu wa uchumi, jina lake Nassau Senior, aliandika kwamba faida yote ya kiwanda hupatikana katika saa ya mwisho ya siku, na saa za kazi zikipunguzwa faida itatoweka. Lakini si matajiri wote waliosema hivyo. John Fielden alikuwa mwenye viwanda vya pamba, naye mwenyewe aliifanya kazi hiyo tangu utoto wake, akaujua uchovu wake. Yeye ndiye aliyeiongoza Bungeni sheria ya mwaka 1847, iliyosema kwamba wanawake na vijana wasifanye kazi zaidi ya saa 10 kwa siku. Mwaka 1850 ikaongezwa sheria kwamba siku ya Jumamosi kazi yao ikome saa 8 mchana. Na kwa kuwa wanaume hawakuweza kuendesha viwanda pasipo wanawake na vijana, wao nao wakaanza kwenda nyumbani mapema.

Je, viwanda vilikufa kama ilivyotabiriwa? Havikufa. Nguo za Uingereza ziliendelea kusambaa duniani kote. Tena likatokea jambo ambalo vijana wetu watapenda kulisikia. Watu wa miji ile walipopata mchana wa Jumamosi kuwa wao, walianza kwenda uwanjani kucheza mpira na kuutazama. Mwaka 1888 vilabu 12 viliungana kufanya mashindano ya ligi ya kwanza. Kwa hiyo mzee akimwambia kijana kwamba mpira ni mchezo wa wavivu, kijana aweza kumjibu kwa adabu kwamba mpira ulikuzwa na watu waliofanya kazi nyingi mno, walipopata nafasi ya kupumua.

Habari hizi zikaenea. Mwaka 1856 waashi wa mawe wa Melbourne, katika Australia, waliacha kazi wakaandamana, wakapata siku ya kazi ya saa 8 bila kupunguziwa mshahara. Walisema siku ya mtu igawanywe mafungu matatu yaliyo sawa: saa 8 za kazi, saa 8 za kujifunza na kufurahi, na saa 8 za usingizi. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani, katika mapatano yake ya kwanza kabisa, liliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa juma kuwa kipimo cha kazi za viwandani. Na mwaka 1921 likaongeza kwamba mfanyakazi wa viwandani apate saa 24 mfululizo za kupumzika katika kila siku saba. Na katika Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, pumziko limehesabiwa kuwa haki ya kila mtu.

Lakini pumziko halipimwi kwa saa peke yake, na hilo twajifunza kwa serikali mbili zilizotaka kulibadili juma. Ya kwanza ni Ufaransa. Wafaransa walipompindua mfalme wao, mwaka 1793 waliweka kalenda mpya, wakafuta juma la siku saba, wakaweka la siku kumi. Siku ya kumi ikawa ya kupumzika. Mtu aliyezoea kupumzika siku ya saba sasa alitakiwa kungoja siku tatu zaidi. Watu wengi wa mashambani hawakuifuata. Waliishika Jumapili yao kimya kimya. Napoleon akaifuta kalenda ile, na tarehe 1 Januari 1806 ile ya zamani ikarudi.

Ya pili ni Urusi. Mwaka 1929 serikali ya Kisovieti iliweka juma la siku tano. Mitambo isisimame hata siku moja. Wafanyakazi wakagawanywa mafungu matano, na kila fungu likapewa siku yake ya kupumzika. Kwa hesabu, mtu alipata pumziko zaidi kuliko zamani, maana siku moja katika tano ni zaidi ya siku moja katika saba. Walakini watu walilalamika sana. Mume alipumzika siku moja, mkewe siku nyingine, watoto nao siku yao. Mtu alikaa nyumbani peke yake, hana wa kula naye wala wa kuzungumza naye. Mwaka 1931 taratibu ile ilibadilishwa, likawekwa juma la siku sita lenye siku moja ya pumziko kwa wote. Na mwaka 1940 juma la siku saba likarudishwa. Watu wale walipewa saa, wakanyimwa wenzao. Nao wakaona kwamba saa zile ni tupu.

Sasa turudi Afrika. Wageni walipofungua mashamba na miji yao katika nchi zetu, mara nyingi waliandika kwamba Mwafrika ni mvivu. Tazameni lakini jinsi mambo yalivyokuwa. Huko Natal, katika karne ya 19, Wazulu walioajiriwa kwa mwezi waliuhesabu mwezi kwa ule uonekanao mbinguni, na mabwana wao waliuhesabu kwa kalenda yenye siku 30 au 31. Mwezi wa mbinguni ulipokufa, Mzulu alitaka mshahara wake. Bwana akasema siku bado. Bwana alimwona mtumishi kuwa mkaidi, na mtumishi alimwona bwana kuwa mwizi wa siku. Na katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, wakati wa utawala wa Waingereza, mfanyakazi alipewa kadi ya siku 30, iliyoitwa kipande. Siku aliyotimiza kipimo cha kazi yake ilitiwa alama. Siku asipokwenda haikuhesabiwa. Na zilipotimia 30 ndipo alipolipwa. Kwa hiyo aliyechoka aliweza kupumzika, lakini pumziko lake hakulipwa hata senti. Jina la uvivu lilikuwa karibu sana, kama lilivyokuwa kwa Farao.

Siku hizi mambo yamebadilika. Katika Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma, na mfanyakazi apate angalau saa 24 za kupumzika kila juma. Ni sheria njema. Lakini ni sheria ya mwajiri na mwajiriwa. Yule bibi aliyeniuliza swali hana mwajiri. Hakuna mkaguzi ajaye kisimani kuhesabu mitungi, wala jikoni kuhesabu saa alizosimama mwanamke mbele ya moto. Sheria yake ni dhamiri ya watu wa nyumba yake.

Basi, wasomaji wangu, katika safari hii nimepata mambo matatu. La kwanza, kupumzika si uvivu. Mataifa yote yenye bidii yamekuwa na pumziko, na neno "mvivu" mara nyingi limesemwa na yule ambaye mwenyewe ameketi. La pili, pumziko halina ladha mtu akipumzika peke yake; Warusi walijaribu, wakashindwa. La tatu, na ndilo kubwa, pumziko la mtu mmoja lisipande mgongoni kwa mwingine. Mimi siku ya Jumapili nilikuwa nikitoka ibadani, naketi chini ya mwembe na gazeti langu, naona nimeitii amri vema kabisa. Nyuma yangu mke wangu alikuwa akitwanga, na binti yangu alikuwa njia ya kisimani. Siku yangu ya pumziko ilikuwa kwao siku ya kazi ya pili, kama Alhamisi na Ijumaa za watumwa wa karafuu. Naona haya kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tangu mwezi ule, kila Jumamosi jioni mimi na wanangu wa kiume twateka maji ya siku mbili. Mara ya kwanza watu walisimama njiani kututazama, mwalimu na ndoo kichwani, na vijana wengine wakapiga vigelegele. Hatukujibu neno. Mchele na unga hutayarishwa Jumamosi, na chakula cha Jumapili hupikwa mara moja tu. Jumapili ile ya kwanza mke wangu aliketi, akainuka, akaketi tena, kama mtu aliyesahau kitu. Mikono yake haikujua la kufanya. Alasiri tukaenda wote pamoja kumtazama dada yake, ambaye hakuwa amemwona tangu mavuno, ingawa anakaa mwendo wa saa moja tu.

Nilikwenda pia kwa yule bibi mzee kumpa jibu lake. Nikamwambia, "Bibi, shikamoo. Maji tunateka sisi, siku ya Jumamosi." Akanitazama kitambo, akacheka kwa meno yake machache, akasema, "Marahaba, mwanangu. Umefanya vema. Na kuni je?"

Basi kazi haijaisha. Sasa twapasua kuni siku ya Ijumaa jioni. Nanyi wasomaji wapenzi, kabla hamjaketi kupumzika juma hili, tazameni kwanza nyuma yenu mwone ni nani aliyesimama.